Shangazi, binti yangu ananiuliza nina hasira na nani

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 53, nina mke na binti wa miaka 16. Tangu nikiwa na miaka 15 nasikiliza panki roki, muziki wa magitaa wa kasi na kelele. Mwezi ujao tunahamia nyumba ndogo, na mke wangu ameniomba nigawe santuri zangu, zinafika 200, pamoja na jaketi la ngozi ambalo halinitoshi tena. Nilipokataa, binti yangu akasema, "Baba, hao watu wanapiga kelele kwa hasira tu. Wewe una hasira na nani?" Nikakosa jibu. Hii ni wiki ya tatu, nikitoka kazini navaa hedifoni na sisemi na mtu. Utotoni nilikuwa na kigugumizi kikali, na muziki huu ndio ulionifungua mdomo. Mke wangu hawezi kuelewa. Je, ni kweli kwamba sijakua?*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina kurasa nne na hapo juu nimetoa kipande tu, lakini nimeisoma yote, na ukurasa wa tatu nimeurudia mara nyingi. Ndipo unaposimulia mwalimu alivyokusimamisha usome mbele ya darasa, neno la kwanza likakwama kooni, na wenzako wakalimalizia kwa kukuigiza. Halafu jioni moja mwaka uleule rafiki yako akakuwekea kanda. Wimbo wenyewe haukufika hata dakika mbili. Kiitikio kilipoingia mkapaza sauti wote wawili, na ukayasikia maneno yakikutoka mazima, hata moja halikukwama. Unasema usiku ule mliirudisha kanda nyuma mara kumi na moja.

Mkeo anaijua habari hii?

Nimetafuta katika kurasa zote nne mahali ulipomsimulia, sikupaona. Umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, jambo ambalo mwanamke uliyeishi naye miaka hii yote hajawahi kulisikia, kisha unalalamika kwamba haelewi. Yeye anachokiona ni masanduku ya santuri yaliyojaa ukutani na mume aliyeziba masikio. Hujampa kingine cha kuelewa.

Nakwambia hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nami si mgeni wa muziki huu. Nilikuwa na miaka 17 nilipoiona picha ya Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, msichana wa Kiingereza mwenye baba Msomali, vyuma vya meno mdomoni, amekipanua kinywa chake chote mbele ya maiki. Mimi nilikuwa msichana niliyezoeshwa kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Niliitazama ile picha mpaka machozi yakanitoka, na wala nilikuwa sijausikia wimbo wake hata mmoja. Baadaye nikajua kwamba aliwaona Sex Pistols, bendi ya panki, wakipiga katika mji wa Hastings, Uingereza, Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, kisha akatoa tangazo gazetini kutafuta wenzake wa kuunda bendi. Hakungoja mtu amwambie kwamba sasa ameiva. Tangu hapo, kila ninapotaka kunyamaza mahali ambapo sipaswi kunyamaza, humkumbuka na vyuma vyake vya meno.

Kwa hiyo ninakijua unachokizungumzia. Hata suala la kigugumizi halinishangazi: inajulikana kwamba wengi wenye kigugumizi, wakiimba au wakitamka kwa pamoja na wengine, ulimi hufunguka. Lakini kwaya nayo ingekufungua ulimi, na kwaya hukuipenda. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani jibu ni kwamba kwaya ilikutaka uimbe vizuri. Panki haikukutaka hivyo. Mwaka 1977 jarida dogo la mashabiki huko Uingereza, Sideburns, lilichapisha mchoro wa mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa: huu mmoja, huu mwingine, huu wa tatu, sasa anzisha bendi. Mtoto aliyezoea kusubiriwa, kusahihishwa na kumaliziwa maneno akikutana na mchoro kama ule anasikia kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia, kwamba anaweza kuanza hivyo hivyo alivyo. Buzzcocks, bendi ya Manchester, Uingereza, walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki wakatoa nyimbo zao nne wenyewe, Januari 1977, bila kungoja kampuni yoyote iwakubali. Watu waliposikia kwamba inawezekana, wakafanya vilevile mji kwa mji.

Huko ndiko swali la binti yako linakoelekea, na ni swali zuri kuliko unavyolichukulia. Hakuwa anakutukana. Alikuwa anauliza habari za baba yake.

Hasira ipo, usimfiche. Yuko sahihi kwamba anaisikia. Aprili 30, 1978 umati mkubwa uliandamana London kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park kupinga ubaguzi wa rangi, na bendi za panki za The Clash na X-Ray Spex na bendi ya rege ya Steel Pulse wakapanda jukwaa moja. Ile ilikuwa hasira yenye anwani. Lakini mwekee pia albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, ya 1976, nyimbo 14 ambazo zote pamoja hazifiki nusu saa, uone kama hatatabasamu. Mna furaha ya kitoto mle, na upuuzi, na mapenzi. Wewe mwenyewe unasema ulipokuwa ukienda kwenye maonyesho, mkirukaruka na kugongana mabega, mtu akianguka wa karibu walimwinua mara moja. Mwambie hilo. Mwambie kwamba Fugazi, bendi ya Washington, walishikilia kiingilio cha bei ya chini, mara nyingi dola 5, ili kijana asiye na kitu aingie, na kwamba walikuwa wakisimamisha wimbo katikati kumkemea mtu anayewaumiza wenzake, na akizidi wakamrudishia dola zake 5 na kumtoa nje. Mtoto wa miaka 16 anaelewa haraka sana tofauti kati ya hasira na ukatili, pengine kuliko sisi.

Halafu mjibu lenyewe. Una hasira na nani? Nikiisoma barua yako, nadhani bado una hasira na lile darasa. Hakuna aibu hapo. Ila lile darasa haliishi nyumbani kwako, na wiki tatu hizi wanaoadhibiwa kwa kimya ni watu wawili ambao hawakuwamo.

Kuna jambo jingine limenisumbua. Umeandika "hawezi kuelewa", si "hajaelewa". Mimi nililisikia neno hilo kwa wavulana nilipokuwa nikiomba kuazima kanda zao: wewe msichana huwezi kuelewa hizi, nenda kasikilize vitu laini. Ninalikumbuka mpaka leo. Muziki ulioanza kwa kumwambia kila mtu njoo ulivyo, tukiugeuza kuwa mlango wa kufungia wengine nje, tutakuwa tumeupokonya kile ulichotupa. Mkeo hana wajibu wa kuupenda. Anaweza kusikia kisa chako chote, akakushika mkono, na bado akaona ni kelele. Mpe haki hiyo.

Kuhusu kukua sitasema mengi. Tai unayovaa kazini haikukufanya msaliti, hata kama rafiki yako mmoja wa zamani, kama unavyoandika, alikuita hivyo. Unafanya kazi, unalea, unalipa unachodaiwa. Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, alifariki Desemba 2002 akiwa na miaka 50, akiwa bado anarekodi albamu na bendi yake ya baadaye, kwa hiyo umri usikutishe.

Sasa masanduku. Nyumba ni ndogo na mkeo naye anaacha vitu vyake, ingawa hukuniambia ni vitu gani. Muulize. Kati ya santuri 200, najua, kama shabiki mwenzio, kwamba zipo ulizonunua kwa sababu mtu alisema ni lazima uwe nazo, na hujaziweka kwenye mashine miaka 20. Hizo mpelekee kijana anayeanza, kama wewe ulivyowekewa kanda ile. Baki na zile ambazo ukizigusa unakumbuka ulikuwa wapi. Kaa chini na binti yako mnapozichagua, mkiwa na mashine ya kupigia karibu, na kila anapouliza "hii nini?" iweke. Itachukua siku kadhaa, na hedifoni zibaki kwenye droo siku zote hizo.

Lakini kabla ya santuri, anza na mkeo, mkiwa wawili peke yenu. Usimweleze historia ya panki, haimhusu. Msimulie darasa, mwalimu, neno lililokwama, kisha zile mara kumi na moja. Ukikwama katikati ya kusimulia, kwama. Aliolewa nawe ukiwa na ulimi huohuo.

Jaketi usiligawe. Halikutoshi wewe, ila hujaniambia kama binti yako amewahi kulijaribu.

Na mwisho wa ukurasa wa nne umeandika, kama jambo dogo, kwamba ipo kanda ya bendi yenu ya shule iliyopiga mara mbili tu ikavunjika, na kwamba aliyekuwa akiimba ni wewe. Kanda hiyo usiitie kwenye sanduku lolote. Tafuta mashine ya kuichezea kabla hamjahama, na siku ukiipata, wao wawe wamekaa chumba hichohicho.