Kupe nyuma ya goti: acheni viberiti

Swali: Daktari, nasoma Exeter, Uingereza. Jumamosi nilipanda Hameldown, kilima kitulivu cha Dartmoor kilichojaa vichaka vya hetha na mawe ya matale. Usiku nikakuta kupe mdogo nyuma ya goti. Mwenzangu alimpaka Vaseline, tukasubiri, kisha akamchoma kwa kiberiti mpaka akatoka. Kipande cha mdomo kimebaki ndani. Sioni mduara mwekundu. Je, nimesalimika?

Jibu: Kipande hicho kiache, ngozi itakitoa yenyewe. Usikichokoe kwa sindano.

Kinachonikera ni Vaseline na kiberiti. Tangu lini moto ukawa dawa ya kupe? Kupe hupumua mara chache mno kwa saa, kwa hiyo kumziba pumzi huchukua muda mrefu, naye muda wote huo anaendelea kunyonya. Ukimchoma, anaweza kutapika ndani ya kidonda. Tumboni mwake ndimo wanamokaa bakteria wa Borrelia, wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Ndugu zao ndio wanaoleta homa ya papasi kwetu Tanzania. Kibano chenye ncha nyembamba kinatosha: mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kwenda juu, usimsokote. Fanya hivyo mara tu unapomwona, maana kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyoongezeka.

Kuhusu mduara, yaani baka la ugonjwa wa Lyme, picha nyingi mnazoziona ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu baka huweza kuwa la zambarau au kahawia, mithili ya damu iliyovilia, na mara nyingi haliwashi wala haliumi. Kwa kawaida hutokea wiki 1 hadi 4 baada ya kuumwa, hata miezi 3. Ni mapema mno kusema umesalimika. Kupe wengi hawana bakteria hao, lakini jikague kwenye mwanga wa mchana. Wengine hawapati baka, wanapata homa, uchovu, au uso kupooza upande mmoja.

Baka likitokea na kutanuka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha damu cha mapema huweza kusema huna kitu wakati unaumwa, kwa sababu kingamwili huchelewa; baka lenyewe linatosha kuanzishiwa antibayotiki ya doxycycline, kwa kawaida siku 21.

Na nyote mnaosoma: wapo wanaouza mtandaoni vipimo visivyothibitishwa na majani ya "kusafisha damu". Wanawachelewesha watu wanaohitaji antibayotiki. Kabla hujawatumia pesa, mwone daktari wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, uliyejiandikisha kwake, kumwona hulipii.