Kuhusu dume wa kupandishia mitamba wako: barua kwa mwanangu Rehema

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na picha za huyo dume nimezikuza mpaka simu ikagoma. Unasema jamaa wa Kibaha anauza dume wa Friesian, wale ng'ombe wa maziwa weusi na weupe, aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye paredi ya mifugo, Nane Nane ya mwaka jana pale Morogoro. Unauliza kama umnunue umlete Chanika awapande mitamba wako watatu, Zawadi, Kidoti na Bahati, ambao hawajazaa bado, ili nawe siku moja uingie uwanjani na ng'ombe wa kutazamwa. Jibu langu ni usimnunue. Lakini nakujua, hutaridhika na hilo tupu, kwa hiyo keti.

Tuanze na huo utepe wa ushindi. Waamuzi walimpima dume aliyekuwa mbele yao, siku ile, dhidi ya wenzake waliofika. Alikuwa amelishwa mashudu miezi kadhaa, ameogeshwa, amechanwa mkia, anang'aa kama bwana harusi. Hayo hayaingii kwenye mbegu yake. Tena wewe hutafuti dume wa kuonesha, unatafuta binti zake. Katika kadi ya alama inayotumika Marekani kwa mashindano ya ng'ombe wa maziwa, kiwele peke yake kina alama 40 kati ya 100, umbo la ng'ombe wa maziwa 25, miguu na kwato 20, na kimo na mifupa kwa ujumla 15. Sasa dume kiwele hana. Sehemu kubwa kuliko zote ya kile atakachokupa haionekani kwake hata ukimzunguka siku nzima. Inabidi uitafute kwa mama yake, kwa dada zake, na zaidi ya wote kwa binti zake walioshazaa na wanaokamuliwa.

Kwa hiyo muuzaji ulitakiwa umuulize hivi: mama yake yupo? Naweza kuja alfajiri nimwone kabla hajakamuliwa, na nimwone tena baada ya kukamuliwa? Binti zake wako kwa nani? Akikujibu kwamba dume bado kijana na binti zake ni ndama, basi anakuuzia matumaini, na matumaini hayana bei ya ng'ombe mzima.

Lakini kilichonifanya nivae miwani ni ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama nyongeza ya kumsifia: kwamba ni mtoto wa dume yuleyule wa kituo cha mbegu cha Usa River ambaye mbegu zake ndizo zilizowazaa Zawadi na Kidoti. Rehema, huyo ni kaka yao! Baba mmoja, mama mbalimbali. Ukimpandisha kaka kwa dada wa namna hiyo, ndama anakuwa na uwezekano wa asilimia 12.5, katika kila sehemu ya urithi wake, wa kupata nakala mbili zilizotoka kwa babu yuleyule. Baba akipanda binti yake inafika asilimia 25. Matokeo yake hayaonekani siku moja. Ndama anakua taratibu, maziwa yanapungua, ng'ombe anarudia joto la kutaka dume mara kwa mara bila kushika mimba, na kasoro iliyojificha kwa mzazi mmoja inapata mwenzake na kujitokeza. Wapo wafugaji wakubwa wa nje wanaopandisha ndugu kwa makusudi ili mifugo yao ifanane. Wao wana mamia ya ng'ombe, na wanaoharibika wanapelekwa machinjioni bila machozi. Wewe una mitamba watatu.

Usidhani mambo haya ni ya wafugaji wadogo tu. Kulikuwa na dume mmoja wa Kiholstein, ndugu wa hawa Friesian wetu, huko Marekani, jina lake Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Binti zake walikuwa na maziwa mengi ajabu, kila mtu akazitaka mbegu zake. Alipata binti zaidi ya 16,000, wajukuu wa kike wapatao 500,000, na vitukuu zaidi ya milioni mbili. Miaka mingi baada ya kufa kwake wataalamu wakagundua kwamba alibeba kasoro katika jeni moja, na kiinitete, yaani mimba changa, kilichoipata kutoka kwa baba na kwa mama hakiishi. Inakadiriwa kasoro hiyo imesababisha mimba kama 500,000 kuharibika duniani. Tena hakuna aliyesema bora asingezaliwa, maana faida ya maziwa yake ilizidi hasara hiyo mara nyingi. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba mbebaji wa kasoro kama hiyo anaonekana mzima kabisa, na kasoro inangoja tu akutane na jamaa yake. Leo kasoro nyingi za namna hiyo hupimwa kwa sampuli ya nywele au kipande kidogo cha sikio, na orodha nzuri za madume huandika nani anabeba nini. Safu hiyo isome kabla ya safu ya maziwa.

Sasa tuwaache madume tuje kwa mitamba wako, maana mimi huwa naanzia huko. Mama yake Kidoti nilimkamua mwenyewe tulipokuwa Mbezi. Maziwa alikuwa nayo, lakini baada ya uzao wa tatu kiwele kilishuka chini ya magoti ya nyuma, na chuchu zikatazama nje. Ile kano inayokigawa kiwele katikati ilikuwa dhaifu. Kidoti anaweza kuwa ameirithi, hata kama leo huioni. Dume wake awe yule ambaye binti zake wana viwele vilivyoshikwa juu nyuma, vyenye mfereji wa katikati unaoonekana wazi, na chuchu zinazotazama chini. Zawadi kiwele cha ukoo wake hakina neno, shida yake ni miguu ya nyuma, imejikunja mno kama anataka kukaa. Hapo watu wengi wanakimbilia dume mwenye miguu iliyonyooka kupita kiasi wakidhani kasoro mbili zitakutana katikati. Hazikutani. Unaweza kupata ndama wa aina hii na ndama wa aina ile, na yule wa miguu iliyonyooka kama nguzo anaumia viungo mapema kwenye sakafu ya saruji kama yako. Mtafutie dume ambaye binti zake wana miguu ya wastani, sahihi, na kisigino cha kwato kirefu. Bahati sina la kumlaumu zaidi ya udogo, na udogo kwa Dar es Salaam sio dhambi.

Ujue pia kwamba sifa hazirithiwi kwa nguvu sawa. Kimo kinarithiwa sana, ndiyo maana ni rahisi kupata ng'ombe warefu. Maziwa yanarithiwa kwa kiasi cha kati. Miguu kidogo, na uwezo wa kushika mimba kidogo zaidi, hivyo ukimtazama dume mmoja kwa macho huwezi kusema lolote la maana kuhusu hayo mawili. Yanahitaji rekodi za binti wengi, kwenye mazizi mengi.

Kuhusu joto la hewa nitakuwa mkali kidogo. Friesian ameumbwa kwa nchi za baridi. Akipita nyuzi 25 hivi anaanza kuhangaika, na Januari mpaka Machi hapa kwetu ni zaidi ya 30 pamoja na unyevu wa bahari. Ng'ombe mkubwa mwenye maziwa mengi anatengeneza joto jingi mwilini mwake, anahema mdomo wazi, anakula kidogo, mimba inakataa. Madume wanaosifiwa kwenye orodha za nje wamepimwa kwa binti wanaokula shibe chini ya feni. Wa kwanza kule si lazima awe wa kwanza Chanika. Mitamba wako tayari ni chotara wenye damu nyingi ya Friesian. Ukiniuliza mimi, Bahati ningempandishia Jersey na Zawadi ningempandishia Ayrshire, nao ni ng'ombe wa maziwa wa aina nyingine, kisha Kidoti tu ndiye abaki kwenye Friesian. Utaniambia ng'ombe mrefu mweusi na mweupe ndiye anayejaza watu uzioni. Kweli, anajaza. Lakini mwamuzi anayejua kazi anamtaka ng'ombe anayetembea vizuri na kiwele kilichokaa, na ng'ombe aliyechoka na jua hatembei vizuri. Siku hizi kuna Holstein waliochanganywa zamani na ng'ombe wa visiwa vya Karibi wakapata jeni ya nywele fupi laini, wanavumilia joto kuliko wenzao, na jeni hiyo inatosha kutoka kwa mzazi mmoja. Ukiiona imetajwa kwenye orodha ya mbegu, niambie haraka, hapo Kidoti tutamfanyia jambo.

Na kwa kuwa wote watatu hawajazaa bado, dume yeyote utakayemchagua awe anajulikana kwa ndama wanaotoka kwa urahisi. Mtamba akivutwa ndama kwa kamba uzao wa kwanza, unaweza kumpoteza yeye, ndama, au uzao wa pili. Ukimtazama mtamba mwenyewe kutoka ubavuni, mfupa wa nyonga uwe juu kidogo kuliko mfupa wa makalio. Mteremko huo mdogo unasaidia ndama kupita na uchafu kutoka.

Sasa suala la kuwa na dume bandani. Hapana, mwanangu. Dume wa ng'ombe wa maziwa ndiye anayeua watu, hata yule aliyelelewa kwa chupa, na wewe una watoto wanaocheza mpaka mlangoni mwa zizi. Anakula mwaka mzima kwa kazi ya siku tatu. Akiwa amezunguka kwa watu anaweza kukuletea magonjwa ya uzazi ambayo yeye mwenyewe haumwi, na ugonjwa wa kutupa mimba unawapata mpaka binadamu. Chukua mbegu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu bila dume, kiko Usa River, Arusha, na kwa kanda yetu huduma ipo Kibaha. Mtaalamu akija na mtungi wake, muombe uuone mrija wenye mbegu kabla hajauingiza, soma jina na namba ya dume, na ukiisha kutumika ubandike kwenye daftari. Hivyo miaka minne ijayo hutaniuliza nani baba wa nani.

Mbegu zilizochambuliwa ili kuzaa majike zinafikia karibu asilimia 90 ya ndama wa kike, ila zinashika mimba kidogo kuliko za kawaida na ni ghali. Kwa Kidoti lipa. Kwa wengine, tuone.

Kalenda nayo. Mimba ni siku 283 hivi. Ukitaka ng'ombe aingie uwanjani tarehe 8 Agosti kiwele kikiwa kimejaa vizuri, azae mwisho wa Mei, maana yake apandishwe katikati ya Agosti ya mwaka uliotangulia. Hao ni mitamba wako wenyewe. Binti wa dume unayemchagua sasa, mpaka naye azae na akamuliwe mbele ya watu, hesabu miaka mitatu au zaidi. Kabla ya hapo unaweza kumwingiza kwenye kundi la mitamba, ambako hawatazami kiwele.

Kwa hiyo wiki hii nitumie picha tatu za kila mmoja: ubavuni, nyuma, na akitembea. Andika tarehe alizoonekana kwenye joto, asubuhi au jioni. Aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni, wa jioni kesho yake asubuhi, mwambie kijana wa bandani asingoje ruhusa yako. Jumamosi nitapanda daladala nije tukae na orodha ya mbegu ya Kibaha mezani.

Na yule jamaa mjibu kwa adabu. Ana shamba zuri la majani ya tembo, na kiangazi hakiko mbali.

Mama yako