Malezi ya Imani Nyumbani: Majibu kwa Wasomaji

Baba, Mbagala: Naondoka alfajiri, na kwa foleni ya Barabara ya Kilwa narudi saa nne usiku, watoto wamelala. Nitawaleaje kiimani?

Ndugu yangu, siku ya ubatizo wa wanao padre aliwachora alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha akawaalika ninyi wazazi mfanye vivyo hivyo. Ishara ile haikuishia kanisani. Urudipo, kabla hujakaa kula, ingia chumbani, inua chandarua, umchore kila mmoja msalaba kwa kidole gumba huku ukimwombea kwa jina lake. Ipo siku mkubwa wao atakuwa bado macho, amefumba tu, naye atajua kwamba baba yake humwombea hata akiwa amechoka. Jumapili nendeni Misa wote, na njiani waulize walichosikia katika Injili; wakikuuliza usilolijua, waambie mtamuuliza katekista.

Mama, Tabata: Mume wangu ni Mwislamu, na tulifunga ndoa kanisani kwa kibali. Ndugu zake wanataka watoto wachague dini wakikua. Nifanyeje?

Kwa kanuni ya 1125 ya Sheria za Kanisa, wewe uliahidi kufanya yote uwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mumeo alipaswa kuarifiwa ahadi hiyo kabla ya ndoa. Aliyeahidi ni wewe, si yeye. Kwa hiyo usimdai ahadi ambayo hakuitoa, bali zungumzeni wawili kwanza, pasipo kikao cha ukoo. Wafundishe watoto kuheshimu swala na mfungo wa baba yao. Mama amwandaliaye mumewe futari, kisha akaketi mkekani na wanawe kusali Rozari, hajapunguza imani yake hata kidogo. Nami naamini watoto hao watajifunza upendo mapema kuliko wengi.

Mama, Ubungo: Mwanangu ana miaka saba. Je, ni mapema kuanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza?

Si mapema. Mwaka 1910 Papa Pius X aliweka umri wa kupambanua, yaani karibu miaka saba. Muulize katekista wenu utaratibu wa parokia.

Mlezi, Gongo la Mboto: Kijana wa miaka kumi na mitatu hataki tena kwenda jumuiya Jumamosi. Nimlazimishe?

Kiboko hakitamsaidia. Kwanza muulize sababu, umsikilize mpaka amalize. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele ili Neno la Mungu liishi kati ya majirani, lakini, niseme wazi, katika baadhi yake michango hula muda kuliko Injili, na kijana huketi pembeni bila kuulizwa lolote. Mwombe mwenyekiti ampe kijana wako kusoma somo. Ijumaa jioni msome pamoja, mara mbili au tatu, ukimweleza maneno magumu, ili asubuhi aende akijua kwamba wenzake wanamsubiri.