Mdogo wangu hasikii, na sindano alichomwa bila kuelezwa

SWALI: Shikamoo, Bi Mkunga. Mimi ni mkazi wa kisiwa cha Pate, hapa Lamu. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 26 na mama wa watoto wawili, hasikii tangu utotoni. Miezi miwili iliyopita walikuja wahudumu wa afya kwa boti, wakafunga kipaza sauti kwenye mwembe na kueleza habari za uzazi wa mpango kwa saa nzima. Zamu yake ilipofika, muuguzi aliniuliza mimi, nikajibu mimi, akachomwa sindano ya miezi mitatu. Tangu hapo hajaona siku zake. Mavyaa yake anasema amefungwa kizazi, naye hulia akinionyesha tumbo. Mumewe, ambaye ni mvuvi, anauliza kama dini inaruhusu. Boti ikirudi tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kinachomliza. Dawa ya sindano ile huzuia yai kutoka, na huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna damu iliyokwama tumboni. Siku zikikatika kwa sababu hiyo si ugonjwa, wala hajafungwa kizazi. Akiacha sindano uzazi hurejea, ingawa hukawia: wengi hushika mimba baada ya kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wengine mapema zaidi, wengine baadaye. Ikiwa mna wasiwasi kwamba alikuwa na mimba kabla ya kuchomwa, kipimo cha mkojo katika zahanati kitawatoa shaka siku hiyo hiyo.

Hayo yote alistahili kuyajua kabla mkono wake haujapakwa spiriti. Sikulaumu wewe, kwa sababu nami katika miaka yangu ya kazi nimewahi kumwuliza mwenye kuongozana naye nikamsahau mwenye mwili, na hadi leo naona haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kipaza sauti hata kikisikika hadi kijiji cha pili, kwake ni mti uliofungwa chuma.

Kwa hiyo nenda mapema kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu, umwombe apeleke habari kwamba yupo mteja asiyesikia, ili mkalimani atafutwe kabla boti haijang'oa nanga. Asipopatikana, vitu vyenyewe viwekwe mezani. Mdogo wako akishike kijiti cha kuzuia mimba, ambacho ni kidogo kama njiti ya kiberiti, aonyeshwe ni wapi mkononi kinakaa chini ya ngozi, ahesabiwe miaka kwa vidole, kisha yeye mwenyewe arudie kwa ishara alichokielewa. Asiporudia sawasawa, bado hajaelezwa. Wewe saidia, lakini umpe nafasi ya kuwa peke yake na muuguzi, kwani yako mambo ambayo mtu hamwelezi hata dada yake.

Njia ya uzazi wa mpango ichaguliwe pia kwa kuangalia bahari. Kusi likivuma, au maji yakikupwa pale Mkanda, kwenye mkondo wa kupitia boti, tarehe ya kadi haimsubiri mtu. Sindano ikichelewa, bado anaweza kuchomwa hadi majuma manne baada ya tarehe yake. Ipo pia sindano ndogo ya chini ya ngozi ambayo mwanamke hufundishwa kujichoma nyumbani. Kijiti hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, na kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, hufikia miaka 10, ila kabla ya kuwekewa chochote ulizeni ni nani atakayekitoa na wapi, siku atakayotaka kitolewe. Kati ya hizo hakuna inayokinga Ukimwi. Kinachokinga ni kondomu.

Kuhusu swali la shemeji yako, mimi si mwanachuoni. Ninachokijua ni kwamba katika Hadithi ya Jabir, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani mume kumwaga mbegu nje ili mimba isishike, wakati Kurani inateremshwa, na wanazuoni wengi huruhusu kuchelewesha mimba kwa muda kwa maridhiano ya mke na mume. Kufunga kizazi moja kwa moja kuna hukumu yake nyingine. Amwulize sheikh wake, na aende na mkewe.