Mradi wa picha huanza na swali

Wapigapicha wanaoanza huniuliza mara kwa mara wapige picha za nini, nami huwauliza ni kitu gani mtaani kwao wanachokipita kila siku bila kukielewa. Kwa maoni yangu, wazo la mradi binafsi haliji kwa kuzunguka jiji zima na kamera shingoni, bali huja mtu anapopata swali linalomsumbua, akalifuata mahali pamoja hadi wenyeji wa pale wakamzoea.

Langu nililipata katika jina. Kwa miaka mingi nilipita Kariokor, mtaa wenye soko jijini Nairobi, ndani ya matatu bila kujua kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu nilipolifahamu hilo, soko lile likabadilika machoni pangu: nikaanza kuona mabega, migongo, magunia, mikokoteni, na kujiuliza ni nani anayebeba leo, na anambebea nani. Majuma matatu ya mwanzo sikuitoa kamera mkobani. Nilinunua kiondo, nikakaa na mafundi wa ndara za ngozi, nikaeleza nia yangu na kuomba ruhusa. Siku mama mmoja muuza vyondo aliponiambia, “Leo umechelewa, mwanangu,” nilijua kwamba kazi imeanza.

Kuhusu mwanga, kumbukeni kwamba Nairobi iko karibu sana na ikweta. Jua huchomoza na kutua mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tena hupanda upesi, kwa hiyo mwanga laini haudumu. Wahini mapema.

Pitieni pia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, mtazame picha za zamani za mahali mlipopachagua, maana picha ya zamani huonyesha kilichotoweka, na hilo peke yake laweza kuzaa swali jipya.

Kisha chapisheni picha zenu, hata kwa karatasi ya bei nafuu, mzitandaze sakafuni. Nilipozitandaza 40 za kwanza za Kariokor, niliona kwamba kila mtu alikuwa amebeba, na hapakuwa na hata mmoja anayeutua mzigo wake. Jumamosi iliyofuata nilirudi sokoni kumtafuta huyo.