Ukitaka kuelewa ideali, anza na namba 6

Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaonijia kuomba msaada wa aljebra huwa wameshakariri. Ukimwuliza mmoja wao ringi ni nini, anakumiminia masharti yote bila kukwama: unajumlisha, unatoa, unazidisha, na kwa ringi tunazozisoma hapa a×b ni sawa na b×a. Mwombe mfano mmoja ambao si namba kamili za kawaida. Kimya.

Kwa hiyo huwa nawaambia wafunge daftari la mihadhara kwanza, tuchezee namba.

Tunaanza na namba za saa: 0 mpaka 11, ukifika 12 unarudi 0. Humo 3×4 = 0, ingawa si 3 wala 4 iliyo sifuri. Tena 3×1 = 3×5, lakini 1 si 5, kwa hiyo ule mtindo wa sekondari wa kufuta kigawo pande zote mbili haukubaliki tena. Tafuta mwenyewe zenye kinyume, yaani zile zenye mwenzake wa kuzidisha nao upate 1 (ni 1, 5, 7 na 11), kisha songa mbele.

Ringi ya kukaa nayo wiki nzima ni hii: namba zote za umbo a + bw, ambapo a na b ni namba kamili na w² = −5. Zidisha (1 + w)(1 − w). Unapata 1 − w², yaani 6. Lakini 6 ni 2×3 pia! Je, kati ya hizo nne (2, 3, 1 + w na 1 − w) kuna inayovunjika zaidi, yaani inayoandikika kama zao la namba nyingine bila kutumia 1 wala −1? Ipe kila namba kipimo a² + 5b². Kipimo cha zao ni zao la vipimo. Kipimo cha 2 ni 4, cha 3 ni 9, cha 1 + w na 1 − w ni 6. Ili yoyote ivunjike, lazima ipatikane namba yenye kipimo 2 au 3. Haipo: b isipokuwa 0, kipimo kinaanzia 5, b ikiwa 0, kinabaki a². Basi 6 imevunjika kwa njia mbili tofauti kabisa.

Mwanahisabati Ernst Kummer alipambana na balaa la aina hii miaka ya 1840, na mwaka 1871 Richard Dedekind akaja na ideali: kundi la namba za ringi ambalo ukijumlisha au kutoa mbili zake hutoki nje, na ukizidisha moja yake kwa namba yoyote ya ringi hutoki nje pia. Ukifika hapa, fasili hiyo ya kitabuni haikutishi tena. Chukua P, yaani namba zote za umbo 2x + (1 + w)y, x na y zikitoka kwenye ringi yetu. Zidisha P kwa P: inazalishwa na 4, 2 + 2w na −4 + 2w, yaani unazizidisha hizo kwa namba zozote za ringi kisha unajumlisha. Zote zinagawanyika kwa 2. Toa ya tatu kwenye ya pili, unapata 6. Toa 4, unabaki na 2. Kumbe P×P ndiyo ideali ya 2 yenyewe, yaani mazao yote ya 2 na namba za ringi! Namba 2 iliyokataa kuvunjika imevunjika, ila vipande vyake si namba.

Kwa 3 sikufanyii. Jaribu ideali inayozalishwa na 3 na 1 + w, uizidishe na ile ya 3 na 1 − w. Ukimaliza, ndipo ufungue sura ya mwanahisabati Emmy Noether na sharti lake la mwaka 1921 kwamba mlolongo wa ideali zinazopanuka lazima ufike mahali usimame. Wengi huirukia sura hiyo mapema kwa sababu ndiyo inayotoka kwenye mtihani.