Springi imekatika au imekatwa?

SWALI: Ninaishi Minneapolis, Marekani, na ninatunza Ford Mustang ya 1966. Daftari la matengenezo naliandika kwa Kiswahili ili ndugu yangu anayenisaidia gereji alifuate. Springi moja ilivunjika kwa kutu, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) niliitoa mwenyewe nibadilishe krosi jointi, kiungo chake kinachopinda, na nati za shokapu ziligoma kabisa. Nikaandika: “Springi ya mbele kushoto imekatwa. Propela shafti imechomoka. Nati za shokapu hazikufunguliwa.” Ndugu anadai nimekosea mara tatu. Je, maana si ileile?

JIBU: Ndugu yako yuko sahihi. Sarufi ya sentensi zako haina kasoro, ila zinasimulia mambo ambayo hayakutokea.

“Imekatwa” ni kauli ya kutendwa: mtendaji yupo, hata asipotajwa. Kwa Mustang jambo hili ni zito, maana wapo wanaokata springi za mbele makusudi ili gari likae chini. Fundi akisoma “imekatwa” ataamini mwenye gari wa zamani alipitisha msumeno, naye ataanza kupima urefu wa springi zote mbili. Akisoma “imekatika”, atatafuta kutu, na kwa busara atabadilisha za kushoto na kulia pamoja.

Ukitaka kupima, ongeza “na fundi”. “Imekatwa na fundi” inakaa sawa. “Imekatika na fundi” haikubaliki. “Imekatika” ni kauli ya kutendeka: jambo limetokea, bila mtendaji. Humo chanzo huletwa kwa “kwa”: imekatika kwa kutu. Hata hivyo, “chuma kimeliwa na kutu” ni Kiswahili safi, kwa kuwa hapo kutu yenyewe ndiyo mlaji.

Kuhusu propela shafti, kwa Mustang ncha ya mbele huingia tu kwenye giaboksi kwa meno, bila bolti. Ya nyuma ndiyo hufungwa kwenye difu, katikati ya magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo “imechomoka” itamshtua msomaji: atadhani iliachia gari likiwa barabarani. Andika “imechomolewa”. Mimi ningependelea “nimeichomoa”, ili ijulikane nani aliyeigusa mara ya mwisho.

Nati ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu hapa daftari linakunyima haki yako. “Hazikufunguliwa” maana yake hakuna aliyezifungua, labda hata hukujaribu. Wewe ulijaribu zikakataa: “hazikufunguka”. Kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano, hasa katika ukanushi: mlango haufunguki, maji hayanyweki, bei haishikiki. Fundi mwenye kuijua kauli hii huokoa maneno mengi. Mahali pa kupigia grisi kwenye bushi za mkono wa juu, ule unaobeba springi ya mbele, pamebanwa sana kwenye Mustang. Ukiandika “hapafikiki”, atakayefuata atajua aje na kifaa chenye kona. Ukiandika “hapakufikiwa”, atajua tu kwamba bushi zimebaki kavu.

Basi daftari lako lisomeke hivi: “Springi ya mbele kushoto imekatika kwa kutu. Propela shafti nimeichomoa kubadilisha krosi jointi. Nati za shokapu hazikufunguka.”